Vyumba Vitano, Ekari Kumi na Mbili

Aliyeko jikoni anaosha vyombo vya chakula cha usiku na aendelee, mazungumzo yetu ya leo hayamtaki mtu aache kazi yake.

Wiki iliyopita dalali mmoja wa ardhi alinitumia tangazo kwenye simu. Namba yangu aliipata wapi, sijui. Kwa nini alidhani nina fedha za kununulia nyumba, hilo nalo sijui; labda alinisikia redioni akaona huyu hakosi kitu. Tangazo lenyewe, nalifupisha, lilisema hivi: nyumba ya kihistoria ya shambani, ya enzi za walowezi, vyumba vitano vya kulala, meko matatu ya kuotea moto, baraza ndefu inayotazama milima, ekari kumi na mbili, kisima cha kuchimbwa kwa mashine, mikahawa mikongwe bado imesimama. Bei, piga simu. Nanyi mnajua, bei ikiandikwa "piga simu", anayelazimika kuuliza si mnunuzi.

Chini yake palikuwa na picha moja. Nyumba pana ya mawe, paa la vigae, mmea wa maua ya zambarau umeparamia nguzo za baraza, nyasi zimekatwa zikakatika. Nikaitazama sana, maana mimi ni mtoto wa Pwani, na baraza ni kitu ninachokijua: kwetu ni mahali pa kukaa na jirani, bao likachezwa na kahawa ikanywewa. Baraza ile ilikuwa na kiti kimoja. Kisha nikaona ukingoni mwa picha, upande wa kushoto, kipande cha bati chenye kutu, upana wake kama kidole. Kitu fulani kilikuwa kinaanzia pale, picha ikakikata.

Nikampigia simu. Nikamwuliza, "Kile kibati cha kushoto ni cha nini?"

"Kipi, mzee wangu?" Akanyamaza kidogo, nadhani anaitazama picha yake mwenyewe. "Aa, hapo ni nyuma. Vile vyumba vya wafanyakazi wa zamani. Usijali, mzee, hivyo havimo kwenye mpango."

Tangu siku ile maneno hayo hayajanitoka kichwani. Havimo kwenye mpango. Nyumba ile ya dalali siijui, sijafika kwake, kwa hiyo sitaizungumza. Ila ipo nyumba nyingine ya shamba, nyumba ya mlowezi kwa kila hali, iliyowahi kuuzwa pamoja na ardhi yake hapa hapa Nairobi, na habari za kuuzwa kwake zikaandikwa na muuzaji mwenyewe. Twende kwa hiyo.

Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1912 chini ya milima ya Ngong na mhandisi wa Kiswidi aitwaye Åke Sjögren. Kuta za mawe, paa la vigae, vyumba vimepangwa kwa ubapa bila ghorofa, na baraza. Ikaitwa Mbogani. Maelezo yanayotolewa kwa wageni ni kwamba maana yake ni nyumba ya msituni. Mimi Mswahili masikio yangu husikia mboga, na nikijitahidi sana husikia mbogo, mnyama ambaye zamani zile pengine alikuwa jirani wa kweli. Lakini majina ya mahali yakishapita katika vinywa vya Wazungu watatu hayarudi kwa mwenyewe yakiwa mazima, kwa hiyo tuliache.

Mwaka 1917 akahamia humo mwanamke wa Kidenmarki, Karen Blixen. Alikuwa ametia nanga Mombasa Januari 1914 na kuolewa mara tu baada ya kushuka, na Mswidi aitwaye Bror Blixen. Mtaji wa shamba ulitoka kwa jamaa zake huko Denmark, wakafungua kampuni ya kahawa, na mwenyekiti wake alikuwa mjomba wa bibi huyu. Mume alikuwa mwindaji kuliko mkulima. Wakaachana, mke akabaki na shamba. Mambo ya mapenzi yaliyofuata nawaachia wenye filamu. Na mkiwa mmeiona filamu hiyo ya mwaka 1985, yenye Meryl Streep na Robert Redford, mjue nyumba mliyoiona si Mbogani bali nyumba nyingine ya karibu, aliyokaa kwanza kabla ya kuhamia hii. Wageni hufika wakatafuta pembe waliyoiona kwenye sinema wasiipate, wakaondoka na kinyongo.

Sasa shamba. Lilikuwa na ekari 6,000. Kati ya hizo, ekari 600 tu ndizo zilizopandwa kahawa. Nyingine zilikuwa msitu na majani, na ekari kama 1,000 zilikuwa za watu ambao kitabu alichokuja kukiandika bibi huyu kinawaita maskwota, na sisi tukalichukua neno hilo tukalifanya letu. Hapo ndipo pa kukaa, msikilizaji.

Skwota wa mwaka 1917 si huyu tunayemjua leo, anayejenga kibanda usiku kwenye ardhi ya mwenyewe. Kwa sehemu kubwa ilikuwa kinyume chake. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na miaka michache baadaye serikali ya Kiingereza ikatunga sheria, mwaka 1902 na tena 1915, zilizoifanya ardhi hii kuwa ya taji la mfalme wao, taji likaigawa kwa walowezi. Mlowezi akapewa karatasi. Waliokuwa wakilima na kulisha mifugo pale hawakuhama siku karatasi ilipotoka. Waliamka asubuhi wakaambiwa wanaishi shambani kwa mtu. Wengine, ni kweli, walikuja baadaye kutoka Kiambu na kwingineko kutafuta malisho. Sheria ya mwaka 1918 ikasema mkaazi wa namna hii atamfanyia kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo apate kipande cha kulima mahindi na viazi na kufuga mbuzi wake. Hesabu mwenyewe: nusu mwaka kwa mlowezi, nusu mwaka kwa tumbo lako. Na katika nusu ile ya mlowezi unapanda kahawa, unapalilia kahawa, unachuma kahawa, ambayo kwa miaka mingi wewe mwenyewe hukuruhusiwa kuotesha hata mche mmoja kwenye shamba lako.

Bibi huyu hakuwa kipofu kwa jambo hilo. Aliandika, naeleza kwa maneno yangu, kwamba anahisi maskwota wake waliuona uhusiano huo kwa jicho lingine: wengi walizaliwa pale, na baba zao kabla yao, na huenda kwao yeye ndiye aliyekuwa skwota, mkubwa kidogo tu kuliko wengine. Nimesoma vitabu vingi vya walowezi, kwa sababu kazi hii ya redio humlazimisha mtu kusoma hata asivyovipenda, na sikumbuki mwingine aliyelisema hilo waziwazi hivyo. Simwiti malaika. Alikuwa mtu wa kundi lake na wa wakati wake, yapo mahali anawaeleza Wakikuyu na Wamasai na Wasomali kama mtu anayeeleza wanyama wa mbugani, na kurasa hizo humchoma msomaji wa Kiafrika hadi leo. Lakini jicho alikuwa nalo.

Kahawa ikamshinda. Shamba lilikuwa juu mno, kama futi elfu sita kutoka usawa wa bahari, na kahawa pale ilikuwa mpakani mwa uvumilivu wake. Baridi ya Julai mnaijua ninyi mnaokaa Karen na Ngong, ile inayokufanya uvae sweta mbili na bado ukaushangaa mwezi. Mche wa kahawa hukaa miaka mitatu, minne, kabla ya kuzaa, na katika miaka hiyo minne mwenye shamba analipa tu. Ukaja ukame. Kiwanda chake cha kahawa kikashika moto kikateketea. Wakaja nzige. Halafu mwaka 1929 masoko ya dunia yakaanguka, na bei ya kahawa ikaanguka nayo. Wenye mtaji huko Denmark wakachoka. Mwaka 1931 shamba likauzwa.

Na likauzwa kwa nani? Hapa natamani dalali wangu awe anasikiliza. Halikuuzwa kwa mkulima mwingine. Lilinunuliwa na mtu wa biashara ya ardhi, Remi Martin, ambaye hakuihitaji kahawa hata kidogo. Aliona mbali: mji wa Nairobi utakua, na watu wenye fedha watataka kukaa mahali penye hewa baridi na mandhari ya milima. Nia yake ilikuwa kulikata shamba viwanja, tunavyoviita sasa ploti. Kwa hiyo mikahawa ile 600 kwa kila ekari, iliyopandwa na kupaliliwa kwa miaka kumi na minne, haikuwa na thamani katika hesabu yake zaidi ya kuni. Aliyepanda alikuwa akiuza shamba. Aliyenunua alikuwa akinunua mtaa ambao haujazaliwa. Ndiyo maana leo tuna Karen, ambako mtu akikutajia bei ya nusu ekari unamwomba arudie, si kwamba hukusikia.

Wanunuzi na wauzaji wakamalizana. Kukabaki jambo moja dogo ambalo halikuwa kwenye mpango. Watu.

Maskwota wakapewa notisi. Kisheria hawakuwa na cha kudai. Karatasi ilikuwa ya mwenye shamba, na mwenye shamba ameuza. Wakaenda kumwuliza bibi, na swali lao, kama alivyolisimulia, halikuwa tu kuhusu wapi watalima. Walitaka kujua kama wataweza kwenda wote pamoja. Serikali ingeweza kumtupa huyu hapa na yule kule, penye nafasi, na kila mmoja akapata kipande chake, na mahindi yakaota. Hilo hawakulitaka. Walitaka kukaa karibu karibu kama walivyokuwa wakikaa, fulani jirani ya fulani, ili mtu akisema baba yangu alikuwa na ng'ombe wangapi, au mahari ya dada yangu ililipwa hivi, awepo wa kusema ndiyo, nilikuwepo.

Nadhani kila mtu wa nchi hii anaelewa jambo hilo bila kufundishwa. Ukihamisha mtu mmoja mmoja, unahamisha miguu na mikono. Kesi ya mbuzi aliyekopeshwa mwaka wa njaa itaamuliwa na nani, ikiwa shahidi amepelekwa ng'ambo ya mlima? Nani atajua kwamba mtoto huyu ni wa ukoo ule na asioe kule?

Karen Blixen akaingia ofisi baada ya ofisi. Wakati huo huo rafiki yake mkubwa, Denys Finch Hatton, alianguka na ndege yake Voi mwezi wa Mei mwaka ule ule, akazikwa juu ya milima ya Ngong, inayoonekana kutoka barazani. Samani za nyumba zinauzwa moja moja, yeye anakaa katika vyumba vitupu. Nyingi za samani hizo zilinunuliwa na Lady McMillan, zikapelekwa kwenye maktaba ya McMillan, pale mjini, nyuma ya msikiti wa Jamia. Ukiwa mwanafunzi umeketi pale ukisoma kwa ajili ya mtihani, hukujua umezungukwa na mabaki ya mnada wa nyumba ya shamba. Hata hivyo aliendelea na safari za ofisini. Maofisa wakamjibu kama maofisa wanavyojibu: halijawahi kufanyika, hakuna ardhi, njoo wiki ijayo. Mwisho akafika kwa gavana mpya, Joseph Byrne, na ruhusa ikatoka: maskwota wake watapewa sehemu ya msitu wa hifadhi ya Dagoretti, wakae wote mahali pamoja.

Kisha akapanda treni, akashuka Mombasa, akaondoka, na hakurudi tena Afrika mpaka alipofariki mwaka 1962.

Nataka mlitazame jambo hili bila kupiga makofi haraka. Watu walipewa kipande cha msitu katika nchi ambayo baba zao waliifyeka, na hiyo ikahesabiwa huruma ya pekee, kwa sababu katika mashamba mengine huruma hata ya namna hiyo haikuwepo. Mlowezi akiuza, skwota alikusanya sufuria na kuku akaondoka. Ndiyo, mwanamke huyu alifanya alichoweza, na alifanya zaidi ya wenzake. Lakini angalia jinsi jambo lilivyotegemea kwamba muuzaji alikuwa na roho hiyo na ukaidi huo. Angekuwa mtu mwingine tu, mpole lakini mchovu, kitabu chake kingekuwa na sura moja pungufu, na hakuna msomaji ambaye angeona pengo.

Kitabu kilitoka mwaka 1937. Kwa Kiingereza jina lake linaelekea nje, kama mtu anayetoka Afrika. Kwa Kidenmarki, lugha ya mama yake, alikiita kwa jina lenye maana ya shamba la Kiafrika tu. Jina hilo la pili ndilo ninalolipenda, kwa sababu ni jina la kitu kilichokwisha kuuzwa. Na kitabu hicho ndicho kilichoipandisha bei nyumba. Hili ni jambo la ajabu katika biashara ya nyumba kongwe: mawe ni yale yale, paa ni lile lile, lakini mtu akiandika vizuri kwamba alilia kwenye baraza hii, baraza inakuwa ghali.

Mwaka 1935 nyumba ilinunuliwa na afisa mmoja wa jeshi la Waingereza, akakaa humo hadi alipofariki mwaka 1954, ikawaangukia binti zake. Mwaka 1964 serikali ya Denmark ikainunua na kuipa Kenya kama zawadi ya uhuru. Ikawa chuo cha mambo ya lishe. Halafu filamu ikaja, wageni wakaanza kuulizia, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho ya taifa. Ukienda leo utakuta bustani ni nzuri kuliko hadithi, na chuma cha mashine ya kukaushia kahawa kimesimama nje kama tembo aliyesahauliwa na wenzake. Naipenda mashine ile kuliko vitanda vya ndani. Mashine ile ilishikwa na mikono mingi.

Hiyo ni nyumba iliyopata bahati. Nyingine zilifuata njia nyingine. Kuanzia mwaka 1962 ulikuja mpango wa kuwahamishia wananchi kwenye mashamba ya walowezi, zaidi ya ekari milioni moja, familia zipatazo 35,000. Msisahau masharti: muuzaji auze kwa hiari, mnunuzi anunue kwa hiari, na fedha za kununulia zilikuwa kwa sehemu kubwa mikopo, ambayo mwananchi alitakiwa kuilipa. Mtu alilipa kwa awamu ardhi ambayo babu yake hakuiuza. Na lile jumba lililobaki katikati ya shamba lililokatwa vipande, lifanywe nini? Limezidi ukubwa kwa mwenye ekari kumi. Likawa shule, zahanati, ofisi ya ushirika, ghala la pareto. Niliwahi kuingia katika shule moja ya msingi huko nyanda za juu, mwalimu mkuu akanikaribisha ofisini kwake, na nyuma ya kiti chake palikuwa na meko makubwa ya mawe ya kuchonga, ndani yake zimepangwa chaki na madaftari ya mahudhurio. Nikamwambia, mwalimu, meko haya ni ya kihistoria. Akasema, ndiyo, na panya hupitia humo humo.

Najua basi kuna msikilizaji anayesema: mzee huyu anatusimulia ya kale, na mimi nina vijisenti vyangu, nataka kununua nyumba ya shamba. Haya, kaa karibu na redio.

Kwanza, tazama juu kabla ya kutazama mandhari. Nyumba za zamani za nyanda hizi zilitumia mtarakwa, na mtarakwa ni mbao inayomshinda mchwa, lakini matengenezo ya baadaye yalifanywa kwa mbao zozote, na mchwa huanza hapo. Chukua bisibisi uchome boriti. Ikiingia kama katika mkate, punguza bei au kimbia. Ukiona mabati ya kijivu yasiyo ya chuma, mazito kama kauri, uliza kama ni asbesto, maana vumbi lake ni hatari kwa mapafu na kuliondoa si kazi ya fundi wa mtaani na nyundo yake.

Pili, karatasi. Nenda ofisi ya ardhi ukapekue rejista, kile tunachokiita kufanya sachi, na uende mwenyewe. Nakala uliyoletewa na muuzaji isikutoshe. Ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, kwa sheria ya mwaka 1967, na kibali kiombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila hicho mkataba wenu ni karatasi ya kufungia maandazi. Mke au mume wa muuzaji akubali. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na usishangae shamba likigeuka mji siku ya kulipa. Chunguza pia kama nyumba imetangazwa rasmi kuwa urithi wa taifa, kwani sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 hairuhusu kubomoa au kubadili jengo la namna hiyo bila idhini.

Tatu, muda wa umiliki. Walowezi wengi walipewa ardhi kwa miaka 999. Fikiria, mtu anapewa shamba mwaka 1915 na tarehe ya kulirudisha ni 2914! Aliyeandika hati ile sijui alidhani nani atakuja kudai funguo. Katiba ya mwaka 2010 iliwaambia wasio raia kwamba mwisho wao ni miaka 99, basi. Wasikilizaji wetu wa Tanzania kwao ni habari nyingine. Huko ardhi ni mali ya umma, na unachonunua ni haki ya kuitumia pamoja na maendelezo yaliyo juu yake, kwa hiyo mtu akikwambia anakuuzia ardhi ya babu yake moja kwa moja, mwombe akueleze vizuri.

Nne, na hapa mawakili hawatakusaidia sana, zunguka nyuma ya nyumba. Angalia nani anakaa pale. Mara nyingi utamkuta mzee, au mama mmoja na wajukuu wake, katika vile vyumba vya mstari vyenye mlango na dirisha moja. Mwulize alikuja lini. Atakwambia hakuja. Mwulize walikozikwa wazazi wake, naye atakuonyesha kwa kidevu, bila kunyoosha mkono, upande wa mikahawa. Rejista ya ardhi haina ukurasa wa habari hiyo. Lakini mahakama zetu zinaijua, kwa kuwa mtu aliyekaa miaka kumi na miwili mahali pa mwenzake waziwazi, bila ruhusa na bila kusumbuliwa, anaweza kwenda kudai, na kesi hizo humzeesha mnunuzi. Ukisikia shamba la ekari nyingi linauzwa kwa bei ya kirafiki, kanuni yangu ni kwenda kunywa chai na wale wa nyuma kabla ya kunywa na wa mbele.

Nawapa mfano wa jinsi ya kulitazama tangazo. "Mikahawa mikongwe bado imesimama", limesema lile la kwangu. Nani alipanda? "Nyumba ya kihistoria." Historia ya nani? Kamante Gatura, mpishi wa Mbogani, alikuja kutoa kitabu chake mwaka 1975, akisaidiwa na mpiga picha Mmarekani Peter Beard. Mtoto wa skwota aliyetibiwa mguu na yule bibi, akafundishwa kupika mapishi ya Ulaya ambayo yeye mwenyewe hakuyala. Zaidi ya miaka arobaini baada ya nyumba kuuzwa ndipo mtu wa jikoni akasimulia upande wake. Na huyo ndiye mwenye bahati. Waliochuma kahawa, waliokanyaga matope ya kiwanda, waliolinda mahindi usiku dhidi ya nguruwe, hao hawakufuatwa na mpiga picha yeyote.

Nilimpigia tena dalali wangu jana jioni, kabla ya kuandika mazungumzo haya. Nilitaka tu anitumie picha nyingine, iliyopigwa kwa nyuma, ivionyeshe vile vyumba vya bati. Nikamwuliza pia kama kuna mtu anayekaa humo.

"Wapo, mzee, lakini wawili watatu tu. Watatoka."

"Wataenda wapi?"

"Hilo, mzee wangu, ni la mwenye nyumba." Alisema kwa adabu kabisa, ni kijana mwenye adabu. Halafu kuhusu picha akaniahidi atajaribu, ila akaniomba nimwelewe, kwa sababu upande ule wa nyuma jua haliingii vizuri.